Mtoto akitoka Kibabi kwenda mashindanoni, nani anamlinda?

Mzazi wa Kibabi akiombwa mtoto wake aende kucheza Goma, huuliza gari litatoka saa ngapi, mtoto atakula nini na atarudi lini. Ni nadra kumsikia akiuliza mtoto atalala wapi, na mtu mzima gani atakuwa karibu naye usiku huo. Mzazi huyo anampenda mtoto wake kama mzazi yeyote. Lakini kocha ni mtu wa kijijini, mara nyingi mwalimu wa shule ya msingi au kiongozi wa vijana kanisani, anafundisha bila mshahara, na kumuuliza swali la namna hiyo kunaonekana kama kumvunjia heshima.

Swali hilo linapaswa kuulizwa, na inafaa liulizwe sasa, kabla vilabu vya watoto havijaongezeka. Katika vilima vya Masisi mpira wa miguu ndio umetawala, na raga bado ni mchezo mgeni. Lakini mipira ya aina zote huja kwa njia moja: shirika linaleta vifaa, linatafuta kijana mwenye kipaji cha kuongoza, watoto wanakusanywa, picha zinapigwa. Kanuni za kuwalinda watoto hao ama huja baadaye, ama haziji.

Watu wanapozungumzia usalama katika raga, huwaza mwili tu. Ni kweli, ni mchezo wa kugongana. World Rugby, shirikisho la mchezo huo duniani, linataka mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo baada ya kugongwa kichwani atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo. Kanuni hiyo haigharimu franga hata moja, na kocha yeyote wa kijijini anaweza kuifuata kesho. Lakini kuna madhara ambayo mwamuzi hayaoni wala hayapulizii filimbi: kocha anayempigia msichana wa miaka 14 simu usiku, kiongozi anayemwambia kijana kwamba nafasi ya kikosini ina bei yake, safari ya pikipiki ya watu wawili tu wakati wenzao wamekwisha kwenda.

Masisi ina jambo lake la ziada. Anayekusanya watoto hapa anashika nguvu kubwa kuliko kocha wa sehemu yenye amani. AFC/M23 waliingia Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Kabla yao na pamoja nao yamekuwapo makundi mengine mengi yenye silaha, na yote yanahitaji vijana wenye pumzi na miguu. Orodha ya timu ya vijana ni nini, kama si majina ya wavulana wenye nguvu, umri wao na nyumba wanazolala? Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kumlinda mtoto, inamwadhibu kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20 anayemwandikisha au kumtumia mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi lenye silaha. Sheria ipo. Hata hivyo daftari la klabu linabebwa mfukoni, linaachwa baani, linapigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp bila mtu kuwaza nani analisoma.

Umri nao ni tatizo. Sheria hiyohiyo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe, lakini vita na kukimbia nyumba vimewaacha watoto wengi bila cheti. Vilabu vimezoea kuutumia mwanya huo. Kijana wa miaka 18 anaandikwa 15 ili timu ishinde kombe, na watu wanacheka. Katika raga kicheko hicho kinaweza kuvunja shingo ya mtoto wa miaka 13 anayesimama mbele yake. Na mtoto ambaye umri wake ni wa kubahatisha anaweza kupunguziwa miaka na kocha leo, kisha kesho akaongezewa na kamanda. Klabu inayodanganya umri inawazoesha watu wazima wote kwamba miaka ya mtoto ni jambo la kupatana.

Neno hilo, kupatana, ndilo linaloumiza zaidi. Mtoto akinajisiwa, familia mbili zinaitwa, wazee wanakaa, mbuzi anatajwa, au pesa, au ndoa. Kikao cha kwanza hakimalizi, kinapangwa cha pili. Wakati huo saa zinakwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Wazee wanapokutana siku ya nne, wamekwisha kumnyima mtoto kinga ambayo hakuna mbuzi anayeweza kuirudisha. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono ziliufunga mlango huo: kosa la aina hii halimalizwi kwa faini ya maelewano, na kwa mwenye mamlaka juu ya mtoto, kiwango cha chini cha adhabu kinaongezwa mara mbili. Kocha anayeamua nani acheze na nani asafiri, kama hana mamlaka juu ya mtoto, basi hakuna mwenye nayo.

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Ulaya ndiyo iliyochelewa kupita wote. Nchini Uingereza, ripoti ya wakili Clive Sheldon iliyotolewa Machi 2021 ilitaja watu 692 waliodhulumiwa walipokuwa watoto katika mpira wa miguu, na watuhumiwa 240, kwa miaka ya 1970 hadi 2005. Ilisema pia kwamba chama cha mpira cha nchi hiyo kilikawia kuchukua hatua hata baada ya hatari kujulikana. Na tusikimbilie mbali: mwaka huohuo wa 2021, uchunguzi ulioagizwa na FIBA juu ya timu za wasichana za mpira wa kikapu nchini Mali ulikuta kwamba unyanyasaji ulikuwa umezoeleka ndani ya shirikisho. Bamako si Ulaya. Kote huko kulikuwa na watu waliosikia minong'ono, nao wakaona kwamba kumchunguza mtu anayewasaidia vijana ni kukosa adabu.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: vilabu ni maskini, makocha wanajitolea, na ukiwawekea masharti mengi wataondoka. Linastahili jibu. Mwaka 2014 mashirika ya kimataifa ya michezo na ya watoto yalitoa viwango vinane vya kumlinda mtoto michezoni, na Julai 2019 FIFA ikatoa mwongozo wake kwa mashirikisho yote 211. Klabu ya Kibabi haiwezi kuajiri afisa wa ulinzi wa watoto mwenye ofisi na kompyuta, wala haihitaji. Inahitaji kuamua kwamba hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Kwamba mazoezi yanakwisha kabla giza halijaingia. Kwamba ujumbe wa kocha unapitia simu ya mzazi. Kwamba wasichana hawasafiri bila mama mmoja pamoja nao. Kwamba watoto wanalala chumba chao na watu wazima chao. Kocha mwema hapotezi chochote hapo. Anapata hata kinga, kwa sababu akisingiziwa atakuwa na mashahidi.

Na kusingiziwa kupo, tuseme ukweli. Kibabi watoto wa Kihunde, wa Kihutu na wa Kitutsi wanaweza kukutana uwanjani wakati wazazi wao hawasalimiani sokoni. Shutuma dhidi ya kocha wa jamii nyingine inaweza kugeuka moto kabla jua halijatua. Ndiyo maana mpokeaji wa malalamiko asiwe kocha, wala rais wa klabu, wala mtu mmoja peke yake. Wawe wawili, mmoja wao mwanamke, wanaotoka jamii tofauti, na watoto wote wawajue kwa sura na kwa jina. Kazi yao isiwe kuhukumu. Ni kumfikisha mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, kumsimamisha mhusika kazi yake wakati jambo linachunguzwa, na kuandika walichosikia kwa maneno ya mtoto mwenyewe.

Kulipeleka jambo mbele ni kugumu zaidi, na hakuna faida kulificha. Tangu vita vilipobadilisha wenye amri Masisi, mzazi hajui abishe mlango upi, na wengine wanaogopa milango yote. Kwa hiyo karatasi ile na ripoti ya mganga vinakuwa na thamani kubwa kuliko kawaida. Daktari wa leo ndiye shahidi wa mahakama itakayokaa baadaye, hata kama ni baada ya miaka. Bosco Ntaganda, aliyewahi kuwa kamanda mwenye nguvu katika vilima hivihivi vya Masisi, alihukumiwa The Hague mwaka 2019 kifungo cha miaka 30 kwa makosa aliyoyafanya Ituri mwaka 2002 na 2003, likiwamo la kuwatumia watoto vitani. Waliohojiwa walikumbuka, na yaliyoandikwa yalibaki.

Lawama isiishie kijijini. Mashirika yanayoleta mipira na jezi yanaomba risiti ya kila kitu, mpaka ya pampu. Yanaweza pia kuomba majina ya wapokea malalamiko wawili kabla ya kutoa mpira wa kwanza. Mashirikisho, la raga na la mpira wa miguu, yanaweza kukataa kumpa leseni mtu asiyejulikana aliondokaje klabu aliyotoka. Kocha aliyefukuzwa kimyakimya Sake haoni shida kuanza upya Rubaya, kwani hakuna anayempigia mwenzake simu kuuliza.

Inabaki nauli ya yule mama wa kuandamana na wasichana mpaka Goma. Viongozi wa vilabu husema hakuna fungu lake. Kwenye gari hilohilo huwa wamekwisha kupanda rais wa klabu, katibu, na rafiki wawili wa rais.