Kutu Iliyojificha Ndani ya Zege

Jembe ukiliacha nje masika yote, utalikuta limeshika kutu. Hiyo waiona kwa macho. Lakini nondo iliyo ndani ya zege, kutu yake utaionaje?

Huku Kibaha na Kisarawe majengo ya zege ni mengi, na mengine yana umri. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963, kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini. Hatusemi majengo yake ni mabovu. Twasema kila zege la umri huo lastahili kuchunguzwa.

Simenti huilinda nondo kwa ukali wake, ulio kama wa chokaa. Hewa ikipenya miaka mingi, au chumvi ikiingia, ulinzi huo huisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara 2 hata 6. Basi zege hupasuka.

Je, fundi avunje nguzo apate kuona? La. Kipo kipimo chenye waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo, nguvu ya sumaku hupenya zege. Ikikuta nondo hubadilika. Hapo fundi hujua nondo iko wapi, na imefunikwa milimita ngapi. Iliyo karibu mno na nje ndiyo ya kuhofiwa kwanza. Lakini kipimo hicho hakionyeshi kutu yenyewe. Kwa hiyo mhandisi huunga kipimo cha pili kwenye nondo, apime nguvu ya umeme juu ya zege, ajue palipo na dalili ya kuliwa.

Nanyi wazazi mlio katika kamati za shule, macho yenu ni kipimo pia. Tazameni ufa unaofuata mstari wa nondo, na madoa ya rangi ya kutu. Gongeni polepole kwa nyundo ndogo: palipoachana hulia kama debe tupu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini ufa wa namna hii ukiupaka lipu tu, umeuficha ugonjwa. Ondoeni watoto chini yake, mkamwite mhandisi wa halmashauri.

Na wewe unayejenga leo, usichukue mchanga wa ufukweni, wala maji ya kisima chenye chumvi. Kisarawe mjini maji ya bomba kutoka Kibamba yapo tangu mwaka 2020, changanyia hayo. Tena angalia nondo isiguse ubao wa nje kabla zege halijamwagwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na faida yake wataipata wajukuu.