Kavera Kizimbani

Msomaji wangu, neno bodaboda lilizaliwa hapa kwetu mpakani. Waendesha baiskeli waliwavusha wasafiri baina ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda, wakinadi safari yenyewe: boda hadi boda. Tangu Agosti 28, 2017 njia hizo zimepata mzigo mwingine. Siku hiyo marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa nchini Kenya, ikiwa na adhabu inayoweza kufikia faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Uganda nayo ilikuwa imekataza mifuko myepesi tangu 2009, ila utekelezaji ulilegea. Pengo hilo ndilo lililozaa magendo ya kavera. Ndivyo majirani zetu wauitavyo mfuko huo. Watanzania huuita rambo.

Sheria, basi, tunaijua sote. Tusizozijua ni sura zetu wenyewe, na hapo ndipo tamthilia ya televisheni inapoweza kufanya kazi ambayo bango la serikali haliwezi. Kumbuka Vioja Mahakamani ya KBC. Makokha au Ondiek alipopandishwa kizimbani, tulimcheka kwa sababu visingizio vyake vilikuwa vyetu. Tulikuwa tumevisikia nyumbani jana yake. Makutano Junction nayo ilitia masuala ya afya na kilimo ndani ya maisha ya mji mdogo, kisha ikawaalika watazamaji watume ujumbe mfupi ili wapate kijarida cha maelezo. Kisa kiliamsha swali, kijarida kikajibu.

Hata hivyo, siisifu kila tamthilia ya mazingira. Iko ile inayomtwika lawama zote tajiri mmoja mwenye kiwanda na kitambi, mtazamaji akaenda kulala akijiona hana hatia. Viwanda vichafu vipo, na vinastahili kushtakiwa. Lakini mifuko inayoziba mitaro yetu, na ambayo mvua huisukuma hadi Mto Sio na hatimaye Ziwa Victoria, haikutupwa na tajiri huyo.

Muhula uliopita niliwaomba wanafunzi wa Kidato cha Tatu watunge onyesho la kesi ya kavera. Makundi manne kati ya matano yalimleta mlanguzi mgeni, asiye na jina wala jamaa. Kundi la tano lilimshtaki mwendesha bodaboda anayemlipia mdogo wake karo kwa mzigo huo. Hakimu akamwuliza aliwauzia kina nani. Mshtakiwa akanyamaza, akageuka, akaanza kuwaonyesha kwa kidole waliokaa mahakamani, mmoja baada ya mwingine. Darasa lilicheka mpaka kidole kilipofika kwangu. Chini ya meza yangu palikuwa na nyanya nilizonunua asubuhi, na sitakuambia zilikuwa zimefungwa ndani ya nini.