Ubobezi Haumfanyi Mnasihi

Imani imeenea kwamba anayejiunga na shahada ya uzamili ya ushauri nasaha hana uamuzi mzito kuliko kuchagua ubobezi: ndoa na familia, shule, uraibu au kiwewe. Waombaji hulinganisha vyuo kwa orodha ya michepuo, na vyuo navyo huirefusha orodha hiyo ili viwavute. Imani hii inapotosha. Inamfanya mwanafunzi ahangaikie jina litakaloandikwa kwenye cheti, na kumsahaulisha kile kinachomsaidia mtu aliyeketi mbele yake akiwa na shida.

Tazama ushahidi. Mwaka 1936 mwanasaikolojia wa Marekani, Saul Rosenzweig, alidai kwamba tiba za mazungumzo zinazopingana kinadharia huenda zinaponya kwa sababu ya mambo ambayo zote zinayo kwa pamoja. Ubishi juu ya dai hilo haujaisha, lakini sehemu moja imepata nguvu. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walijumlisha tafiti 295 zenye wateja zaidi ya 30,000. Walikuta kwamba mteja na mnasihi wanapoaminiana na kukubaliana juu ya lengo na njia, nafuu huwa kubwa zaidi, tiba iwe ya aina yoyote. Uzito wa uhusiano huo ni wa wastani, ila umejirudia katika tafiti nyingi mno kupuuzwa. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Scott Baldwin na wenzake walionyesha kwamba tofauti inatoka hasa kwa mnasihi: wapo wanaojenga maelewano na wateja wao wengi, na wateja hao hupona zaidi. Ustadi wa namna hiyo hauji kwa kuongeza kozi mbili za mchepuo. Huja kwa kufanya kazi huku msimamizi anasikiliza, anakosoa, nawe unarudia.

Ushahidi mwingine uko jirani. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda. Wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili waliongoza vikundi vya watu wenye sonona kwa wiki 16. Mwishoni, asilimia 6.5 tu ya waliohudhuria vikundi walikuwa bado na sonona kali, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasiopata huduma hiyo. Mtu anaweza kusema kwamba hao nao walibobea, kwa kuwa walifunzwa njia moja tu. Ni kweli walifunzwa njia moja, tena vizuri. Lakini hawakuhitaji shahada yenye mchepuo ili waitumie.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba yapo matatizo yanayodai ujuzi mahususi. Nakubali kabisa. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla anaweza kufa, na mtoto aliyenajisiwa anaweza kuumizwa zaidi kwa maswali mabaya. Ila hiyo ni sababu ya kumfundisha kila mnasihi mambo hayo, kwa kuwa wateja hawaji wamepangwa kwa michepuo. Ugomvi wa ndoa huja pamoja na ulevi, na mwanafunzi anayefeli huenda amefiwa. Wengine watasema soko linataka wabobezi. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilionyesha kwamba nchi maskini zina wahudumu wa afya ya akili chini ya 2 kwa kila watu 100,000. Penye uhaba huo, mnasihi mmoja hupokea kila aina ya shida. Chaguo la mapema lina maana pale sheria inapolidai, kama kwa washauri wa shule katika majimbo mengi ya Marekani. Hata huko, chombo cha ithibati cha CACREP kinadai saa 600 za mazoezi kazini, 240 kati yake zikiwa za kuhudumia wateja moja kwa moja, bila kujali ubobezi.

Basi mwombaji akiuliza chuo swali moja tu, aulize saa zake za mazoezi kazini zitasimamiwa na nani, na kama msimamizi huyo atamsikiliza akiwa kazini au atasoma ripoti yake tu. Chuo kisichoweza kujibu hakistahili ada yake, hata kikiwa na michepuo kumi. Ubobezi una wakati wake, nao ni baada ya mnasihi kukaa na wateja wa kutosha kujua ni shida ipi anaimudu na ipi inamshinda.