Usiuze Ng'ombe Ununue Vifungo

Msichana mmoja wa Karatina ameniandikia inboksi. Mamake anataka kuuza ng'ombe wa maziwa alipe karo ya diploma ya VFX. Anauliza: "Wewe uliacha chuo na unajisimamia. Si nijifunze tu YouTube?"

Najua jibu mnalotaka. Eti chuo ni utapeli. Wacheni. Niliacha chuo mwaka wa pili na sitamwambia mtu aache. Lakini huyo ng'ombe asiuzwe bado.

Mwaka jana nilitaka kutengeneza Mlima Kenya mzima, kutoka mashambani hadi Batian, mita 5,199. Ukipanda kila mti kwa mkono utazeeka. Ndio maana kuna prosijura: unaandika kanuni, kompyuta inapanda. Na sisi watu wa Nyeri hizo kanuni tumezaliwa nazo. Kahawa huku chini, chai juu karibu na msitu, halafu mianzi, halafu lobelia, halafu mawe na ile barafu inaisha. Urefu ndio unaamua. Hiyo sehemu ilinipa raha, siwezi danganya.

Kisha nikataka mteremko uamue pia: penye genge, mti usiote. Nikakwama wiki mbili, nikibonyeza vifungo kama mzee anatafuta stesheni ya redio. Kumbe jibu ni vekta. Unalinganisha mwelekeo wa uso wa ardhi na mwelekeo wa juu, unapata namba moja, basi. Hiyo kitu nilifundishwa muhula wa kwanza, nikiwa nimekaa nyuma nikihariri vidio za TikTok. Na upepo wa kutikisa miti? Sine. Ile ile tulichora kwa karatasi ya grafu tukiuliza itatusaidia wapi.

Kwa hivyo beef yangu ni na vyuo vinavyouza majina ya programu. Bango limejaa Maya, Houdini, After Effects, utadhani menyu ya hoteli. Blender ni bure. Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar 2025, imetengenezwa na hiyo hiyo Blender. Hata Houdini ina toleo la bure la kujifunzia. Vifungo hubadilika kila toleo jipya. Mbona mama auze ng'ombe juu ya vifungo?

Alipie kile YouTube haina. Mwalimu atakayekaa na wewe hadi hesabu iingie. Mtu amefanya hii kazi, akuambie moshi wako unakaa pamba, rudia. Mimi nilikaa na moshi wa pamba miezi mingi nikisifiwa na mabeshte. Na mashine, kwa sababu ukiwasha simulesheni ya maji kwa lapi ya elfu 20 utaiua.

Siz, nenda na mama huko chuo siku ya wiki, si siku ya maonyesho. Ombeni kuona maabara watu wakiwa kazini. Ombeni kazi za wanafunzi wa mwaka jana, na muulize nani alitengeneza nini. Halafu uliza nani anafundisha hesabu.

Wakikuambia "usijali, hii kozi haina hesabu", shika mama mkono mrudi steji. Mkiharakisha mtafika Karatina kabla ya saa ya kukamua.