Bustani ya Shule Iwe Maabara: Somo la Beri za Mwitu

Karibu kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kuotesha haragwe katika kopo lenye pamba iliyoloweshwa maji. Baada ya siku chache mbegu hupasuka, mzizi hushuka, shina hupanda, na mwanafunzi huandika daftarini yale yale yaliyoandikwa na waliomtangulia. Zoezi hilo si baya. Kasoro yake ni moja: jibu lake limekwisha kujulikana kabla mbegu haijaloweshwa. Mwanafunzi hujifunza kuthibitisha, lakini hajifunzi kuuliza.

Yafaa basi kutafuta mmea ambao utamlazimisha mwalimu na mwanafunzi kungoja jibu pamoja. Mmea wa namna hiyo hauhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kandokando ya misitu na mabondeni, huota vichaka vyenye miiba vizaavyo beri ndogo, nyekundu au nyeusi, zipendwazo na watoto wachungaji na ndege. Waganda huziita nkenene. Wakikuyu huziita ndare. Kiswahili cha pwani hakina jina lake lililoenea, kwa sababu mmea huu ni wa nchi za baridi kidogo. Wataalamu wameuweka katika jenasi ya Rubus, na miongoni mwa aina za asili za Afrika Mashariki ni Rubus rigidus na Rubus apetalus. Mwanafunzi wa Nemba, au wa kijiji chochote cha Ngara na Biharamulo, aanze utafiti wake kwa kuwauliza wazee jina la mmea huu kwa lugha ya nyumbani, mahali unapoota, na majira unapozaa.

Tunda la beri hii si tunda moja. Ni mkusanyiko wa vitunda vingi vidogo, na kila kimoja kina kokwa lake gumu. Ugumu huo ndio kiini cha somo. Ganda la kokwa huzuia mbegu kuota upesi, na hata ganda likilainika, kiinitete chenyewe chaweza kuendelea kulala. Vitabu vingi vya kilimo cha bustani viliandikwa Ulaya na Marekani. Vyaagiza kwamba kokwa likwaruzwe, kisha mbegu ihifadhiwe katika mchanga wenye unyevu, penye baridi ya nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Agizo hilo lina maana huko: mbegu ikiota kabla ya majira ya baridi, mche utakufa kwa jalidi. Lakini Biharamulo iko chini ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na mche wake haungoji theluji ipite. Je, mbegu ya huku nayo yahitaji baridi ile? Swali hili halijibiwi kwa kukariri kitabu. Lijibiwe bustanini.

Kazi yenyewe ni rahisi. Beri zilizoiva vizuri zipondwe, ziloweshwe majini kwa siku moja, kisha zisuguliwe juu ya chujio. Mbegu zilizojaa huzama. Zile tupu huelea na kumwagwa. Zilizobaki zikaushwe kivulini na kugawanywa katika makundi manne yenye mbegu 100 kila moja. Kundi la kwanza lisifanyiwe lolote, ili liwe la kulinganishia. La pili lisuguliwe taratibu kwa msasa. La tatu litiwe katika mchanga wenye unyevu ndani ya jokofu, mahali lilipo. La nne lifanyiwe yote mawili. Kila kundi lipandwe katika sanduku lake, kwa udongo wa namna moja, lisifukiwe zaidi ya nusu sentimita, wala lisiachwe likauke. Miche ihesabiwe kila wiki kwa muda wa miezi sita, na hesabu iandikwe hata wiki ambayo hakuna kilichoota. Sifuri nayo ni matokeo.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wa Kagera wanahitaji ndizi na maharage, si matunda ya vichakani. Ni kweli kwamba beri haitachukua nafasi ya mgomba. Lakini tabia ya kupima kabla ya kuamini ndiyo ile ile itakayomsaidia mkulima kuchagua mbegu ya mahindi au njia ya kuudhibiti mnyauko wa migomba. Mwalimu Nyerere alipotoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Mahali pengi shamba hilo limegeuka kuwa jembe tu, au hata adhabu. Kulirudishia daftari na hesabu ni kulirudishia heshima yake.

Wapo pia watakaoshauri kununua mbegu za kigeni zenye matunda makubwa. Hapo tahadhari inahitajika. Rubus niveus, yenye asili ya Asia, ilipopelekwa katika visiwa vya Galápagos ilitapakaa hata ikawa adui wa mimea ya asili. Ndege hawajui mpaka wa bustani. Wakila beri, hupeleka mbegu mbali. Mmea wa asili ndio salama zaidi kuanzia.

Wala isidhaniwe kwamba bustani ya nyumbani haiwezi kuzaa jambo kubwa. Mwaka 1881, huko Santa Cruz, California, hakimu James Harvey Logan alipanda mbegu za beri katika bustani yake. Miongoni mwa miche yake ulitokea mmoja wa mchanganyiko usiotarajiwa, na aina hiyo hupandwa hadi leo kwa jina lake. Logan alikuwa mwanasheria. Alichokuwa nacho ni mbegu, subira na jicho la kutazama.

Shule nyingi zalalamika kwamba hazina maabara, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo mbegu 400, masanduku manne na kipande cha msasa havihitaji kungoja bajeti. Mwanafunzi atakayeandika jibu ambalo mwalimu wake hakulijua jana, huyo ameanza sayansi.