Sifuri ya Miles Morales

Muvi nyingi za kuonyesha vile supahiro alianza zina haraka sana. Jamaa anaumwa na mdudu ama anadungwa dawa fulani, dakika kumi baadaye ameshajua kuruka, ana suti, anapiga watu. Tony Stark wa 2008 angalau alikuwa fundi kabla mambo yamfike. Wengine wanapewa ushujaa kama mtu ametumiwa pesa kwa simu, na sisi tupige makofi.

Ndio maana wiki hii nilirudi kwa Spider-Man: Into the Spider-Verse, ile katuni ya 2018. Najua mmeiona. Hata mimi niliiona nikiwa bado shule, nikacheka, nikasahau. Sasa nimeiona nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na kila wikendi naulizwa narudi lini. Si muvi ile ile, walai.

Kuna pale mwanzo Miles anapata sifuri kwa mtihani wa kweli ama si kweli. Mwalimu hata hakasiriki. Anamwonyesha kwamba mtu aliyefungwa macho, akibahatisha tu, angepata karibu nusu. Kukosa yote, lazima uwe unajua majibu yote. Kijana anataka afukuzwe kwa hiyo shule ya maana, arudi ile ya zamani pale Brooklyn kwa mabeste wake. Sifuri zangu zilikuwa halali, hiyo nakubali. Lakini kukaa mahali kila mtu anakuambia una bahati kuwa hapo, na wewe macho yako kwa mlango? Hiyo naijua.

Halafu buibui anamuuma na hakuna kinachokuwa rahisi. Mkono unanasa kwa nywele za Gwen mpaka zinyolewe. Hata mwendo wake umechorwa tofauti: pale msituni Peter anapita kwa picha 24 kila sekunde, Miles kwa 12, ndio maana anaonekana anajikwaa hewani. Huhitaji kujua hesabu hiyo, macho yanaisikia tu.

Lakini kwangu muvi yote iko pale hosteli. Wenzake wamemwona hajaiva, Peter amemfunga kwa kiti kwa utando, mdomo pia, wakaenda vitani bila yeye. Babake anakuja mlangoni. Amekuja kumwambia kuhusu Aaron, ndugu yake aliyekufa, na maneno hayatoki. Anaona kivuli cha mtoto chini ya mlango, anadhani amekataa tu kuongea. Anamwambia anaona kitu ndani yake, na chochote atakachoamua kukifanyia ni sawa. Miles hawezi kujibu. Ni baada ya hapo ndio anajifungua na kwenda kuruka kutoka kwa lile jengo, vidole bado vimeng'ang'ania kioo mpaka kinavunjika. Anaruka akiogopa. Muvi ingine ingempa ujasiri kwanza.

Haijakamilika, msinirushie mawe. Kingpin anataka mke na mtoto wake warudi, sababu nzuri kabisa, alafu wanampa dakika chache ashughulike na mashine ambayo sheria zake zinabadilika wakitaka. Peni na Noir wamekuja kuchekesha tu. Yule nguruwe mwacheni.

Siku niliyotoka chuo mzee wangu alipiga simu. Tuliongea juu ya mvua na bei ya mbolea kwa dakika kama ishirini, mpaka salio lake likaisha. Nilikuwa nikidhani hakutaka kuongea.

Jumapili anakuja Nairobi. Nimeiweka kwa laptopu tayari. Atasema ni katuni ya watoto, na kuna uwezekano mkubwa atalala. Akilala kabla ya pale mlangoni, nitarudisha nyuma.