Nani Amfuate Nani?



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, wanandoa vijana walipiga magoti mbele ya altare, nasi tukawabariki kwa safari. Mke amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika mji wa Galway, magharibi mwa kisiwa cha Ayalandi. Mume ameacha kazi yake ili aende naye. Watapanda ndege KIA, watabadilisha Doha, watashuka Dublin, kisha watakivuka kisiwa kwa basi kutoka mashariki hadi magharibi. Kabla ya hapo wamekwisha kufanya safari nyingine ndefu, nayo ni ya karatasi: vyeti, barua za benki, maombi ya viza, na miezi mingi ya kungoja, kwa maana si kila mwanafunzi huruhusiwa kufuatana na mwenzi wake.

Vigelegele vilikuwa vingi. Lakini nje ya kanisa tulisikia maneno ya namna nyingine. "Siku hizi hata wanaume huolewa," alisema mmoja, na wenzake wakacheka. Jioni wazee wawili wa ukoo wa mume walifika nyumba ya mapadre. Walisema kwa upole: "Baba Paroko, huyu ni kitinda mimba wetu. Kihamba ni chake, na wazazi wamezeeka. Mwambie abaki. Mkewe akasome, atarudi."

Tuliwaahidi jibu. Tunaliandika hapa kwa kuwa swali lenyewe si la ukoo mmoja.

Wazee hawa hawakukosa hoja. Kuwaheshimu wazazi ni amri ya Mungu, wala haifutwi na cheti cha ndoa. Ajira ni haba, na aliyeiacha leo hana hakika ya kuipata atakaporudi. Huko waendako, mwenzi wa mwanafunzi aghalabu haruhusiwi kufanya kazi mpaka apate kibali chake mwenyewe, na mwanafunzi atokaye nchi kama yetu huruhusiwa kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwanamume aliyezoea kuheshimiwa kwa kazi yake atakaa chumbani, mvua ikinyesha nje, akimngoja mkewe atoke maktaba. Huo ni msalaba, wala hatuuiti kwa jina jingine.

Hata hivyo tunasema: aende.

Tunasema hivyo kwanza kwa sababu ya Neno la Mungu. Sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, inapoeleza asili ya ndoa, haisemi kwamba mwanamke ndiye atakayewaacha wazazi wake. Inamtaja mwanamume. Andiko hilo tunalisoma harusini mwaka baada ya mwaka, kisha tunarudi nyumbani na kuishi kana kwamba limesema kinyume chake. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 nazo ziko wazi: kanuni ya 1135 inawapa mume na mke wajibu na haki sawa katika maisha ya ndoa, na kanuni ya 1151 inawataka walinde maisha yao ya pamoja, isipokuwa pawepo sababu halali ya kuwazuia. Hakuna kanuni isemayo kwamba mke humfuata mume na mume hamfuati mke.

Sababu ya pili inatuuma. Miaka kadhaa iliyopita, katika utume wetu mahali pengine, wanandoa walitujia na swali hilohilo. Tuliwashauri watengane kwa muda, mmoja asome ng'ambo na mwingine alinde nyumba. Tulihesabu ada, nauli na mshahara. Hatukuhesabu upweke. Miaka miwili ikawa mitano, simu za kila siku zikawa za kila mwezi, na leo kila mmoja ana maisha yake. Shahada ilipatikana, nyumba ikavunjika. Shauri letu lilikuwa na sehemu yake katika anguko hilo, na tunakiri kwamba tulikosea.

Tuwatazame Akila na Prisila katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Amri ya Kaisari Klaudio iliwaondoa Roma, wakafika Korintho, kisha wakavuka bahari pamoja na Paulo hadi Efeso. Walishona mahema pamoja, na pamoja walimfundisha Apolo njia ya Mungu. Mtume Paulo anapowasalimu katika Waraka kwa Warumi, anamtaja mke kwanza, na hakuna dalili kwamba Akila alipungukiwa heshima kwa hilo. Nyumba yao ilikuwa mahali pa Kanisa kukutanika.

Na kisiwa hicho si kigeni kwetu. Lejio ya Maria, ambayo wengi wenu hukutanika kila wiki, ilianzia Dublin tarehe 7 Septemba 1921. Mwaka 1936 binti wa kisiwa hicho, Edel Quinn, ingawa kifua kikuu kilikuwa kimemdhoofisha, alikuja Afrika Mashariki kuieneza. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944 na kuzikwa huko. Watu wasiomjua walimpokea. Nasi tunawaombea wanetu mapokezi kama hayo.

Basi tunawaomba ninyi wazee: mpeni kijana baraka zenu, aondoke bila kinyongo. Kihamba kitamngoja. Ndugu zake wagawane zamu za kuwahudumia wazazi, na Jumuiya yao Ndogo Ndogo ya Kikristo iwatembelee kila juma. Ndugu na jamaa, msiwafuate wasafiri hawa kwa maombi ya fedha. Kwenda ng'ambo si kutajirika.

Nanyi wanetu, Dominika ya kwanza mtafuteni parokia, kabla hata hamjaijua njia ya sokoni. Mama, usiyafiche masomo yako kwa mwenzio. Mshirikishe, hata kama haelewi yote. Baba, ukipika na kufua huko, hujapungua, umetunza Sakramenti. Wapigieni wazazi simu wote wawili, wala si mmoja peke yake. Na masomo yakiisha, kumbukeni nani waliowaombea.

Bwana awalinde mtokapo na mwingiapo, awarudishe wawili kama mlivyoondoka.

Mungu awabariki nyote. Dominika njema.